Kaptula Mbili Juu ya Mwamba

Baba mkwe wangu ni mfugaji wa Busawe, na maji makubwa aliyoyajua ni bwawa la Manchira. Tulipokwenda pwani kumwona shemeji yangu aliyejifungua, mzee aliniambia jambo moja tu: "Mkwe, magoti yangu hayatarudi huku tena. Nataka nione chini ya bahari."

Tukaenda hifadhi ya bahari. Mimi nina duka la nguo Nkende, bei ya kwanza huwa siisikii. Kiingilio hakikupungua. Nilijaribu mara mbili. Mhifadhi alitusomea masharti: hakuna kuokota kombe, hakuna kukanyaga matumbawe. Ufuko ulikuwa miamba mitupu, mikali, na mlango wa kushukia mmoja, unaopitika maji yakipwa tu.

Mwongozaji wetu wa kuogelea, miwani ya maji mkononi, aliweka kaptula mbili juu ya mwamba. Nilizihesabu. Nikazihesabu tena, labda moja itapotea.

"Vueni, vaeni hizi. Tuna nusu saa, maji yanajaa."

Hakuna aliyesogea. Kwetu Wakurya mwanamume haoni mwili wa baba wa mke wake, wala yeye wa mkwewe. Hata mtoni, mmoja akiwa anaoga, mwingine hupita mbali akikohoa.

"Mnaogopa maji?"

"Tunaogopana," mzee akajibu.

Nikaanza biashara. "Niingie na suruali yangu?"

"Nguo ndefu inanasa kwenye matumbawe, kaka."

"Basi robo saa yeye, robo saa mimi."

"Kumshusha na kumpandisha mzee peke yake ni robo saa. Maji hayana punguzo."

Mzee alikuwa ameshaanza kuvaa kofia yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kuondoka. "Twende zetu," akasema. "Nimeiona kwa juu, inatosha."

Haikutosha, shingo yake bado ilinyooka kuelekea majini. Nikamwambia nina mafua, nikaenda nyuma ya jabali, nikakaa nikitazama bara. Mbele yangu kulikuwa na mikoko kumi na saba. Nilirudia, ikawa kumi na minane. Nyuma nilisikia kikohozi, maji yakipigwa. Halafu mzee akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka yote niliyokaa na binti yake.

"Geuka," akasema baadaye. Alikuwa amevaa mpaka koti.

Tukipanda miamba alinisimulia bila kupumzika. Kuna samaki wa bluu anayetafuna mawe, unamsikia kabisa, kama mbuzi kwenye mabua. Kuna wengine wa manjano, wanakwenda kundi moja bila mchungaji.

"Halafu kasa akaja, mkubwa kama karai. Nikatulia. Akapita taratibu chini ya..."

Akanitazama, akakumbuka mimi ni nani kwake, akarekebisha koti.

"Akapita," akasema.

Kasa yule alipita chini ya nini, sijui mpaka leo.