Picha Iliyoegemea Themosi

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu Eladio aache kuonekana uwanjani, kila mwenye miguu anakuja mlangoni kwangu kuuliza kulikoni, kana kwamba mimi ni gazeti. Shule mimi niliishia kujua kuandika jina langu na kusoma bei ya nyama, na mkono huu ukishika kalamu unauma. Lakini nikinyamaza mtasimulia ninyi, nanyi mtaharibu. Basi someni, na msinikatize.

Eladio Techera alikuwa mloweka ngozi kiwandani, hapa hapa Paysandú, mpaka kucha zake zikashika rangi ya chai, na hata alipostaafu rangi haikutoka. Kamera alinunuliwa na mkewe, Olinda, ili Jumapili apate la kufanya badala ya kukaa akiitukana redio kwa sababu ya mpira. Aliipenda kamera ile kuliko alivyotarajia. Akajiunga na wenzake waliokuwa wakikutana Alhamisi alasiri katika chumba cha nyuma cha saluni ya Mirta: mwoka mikate, mwalimu wa muziki, karani wa posta, watu wa namna hiyo, ambao hakuna hata mmoja aliyekula kwa picha.

Walikuwa na utaratibu wao. Mtu aliweka picha yake mezani, imelala chali. Rosauro Ifrán, kinyozi mstaafu, ndiye aliyekuwa akimimina yerba, yale majani yetu machungu yanayonyonywa kwa mrija. Alijaza kibuyu maji ya moto kutoka kwenye themosi, akampa wa kwanza. Huyo akanyonya mrija mpaka kibuyu kikalia kwamba kimekwisha, akakirudisha. Rosauro akakijaza tena kwa wa pili, na hivyo hivyo. Mpaka kibuyu kiwe kimemzungukia kila mtu, hakuna aliyefungua mdomo ila kwa kunyonya. Watu waliangalia tu. Jaribu wewe kuangalia picha moja kwa muda huo wote, uone kama hutaanza kuona mambo. Kibuyu kikimaliza safari, Rosauro, kama picha imemwingia, aliinyanyua akaiegemeza kwenye themosi, ikasimama wima mbele za watu. Kama haikumwingia, aliiacha ilale palepale. Hakusema nzuri, hakusema mbaya.

Picha za Eladio zililala zote. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, zimelala. Aligeuza jambo hilo mzaha. "Yangu ya leo imelala fofofo," alikuwa akisema, "msipige kelele mtaiamsha." Watu walicheka, na Rosauro pia alicheka, kwa kuwa wao wawili walikuwa makompadre: Rosauro ndiye aliyembeba binti ya Eladio siku ya ubatizo. Lakini nyumbani Eladio hakucheka, na Olinda alijua. "Siku Rosauro atakaposimamisha picha yako," alimwambia, "nitakupikia tambi za Jumapili siku ya Alhamisi." Olinda akaugua, akazikwa, na tambi hizo hakuzipika.

Baada ya hapo neno hilo lilimkaa Eladio kooni kama mwiba wa samaki. Hakutaka kingine. Alitaka picha yake isimame mara moja.

Kisha Mirta akafungua ukurasa wa klabu mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka watu wa miji mingine waone. Lakini kupandisha picha kwa simu ukiwa umevaa kandambili ni rahisi kuliko kutoka nyumbani na mvua, na mmoja mmoja watu wakaacha kuja Alhamisi. Mwishowe chumbani walibaki Rosauro na themosi yake, na Mirta aliyekuwa akiingia na kutoka kati ya mteja na mteja.

Kule mtandaoni nako kulikuwa na adabu yake. Ukinipa kopa jekundu, ule moyo mdogo wa kubonyeza chini ya picha, nami nikupe. Usiporudisha, umenitukana. Eladio alijifunza haraka. Kila asubuhi alikaa jikoni na yerba yake, kidole gumba kikishuka na simu, akigawa makopa kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Na Eladio alimwandikia kila mtu maneno yaleyale: "Mwanga mzuri. Salamu." Awe amepiga bibi harusi, awe amepiga kasuku, mwanga mzuri, salamu.

Nayo makopa yakamrudia. Alipiga picha ya daraja la mtoni jua likizama, akaikoleza rangi mpaka mto ukawa kama mchuzi wa nyanya, na picha ile ikakimbia dunia nzima. Watu elfu na zaidi waliipenda, wengine wa nchi ambazo hata ramani ingekupa shida. Mwuza magazeti akaanza kumwita "msanii". Eladio akanyoosha mgongo. Akapeleka daraja lake kuchapishwa kwenye karatasi kubwa, akalitia katika bahasha, na ili lisipinde akaweka nyuma yake picha moja ya zamani iliyoharibika, ile ya Olinda ambayo uso hauonekani. Akaelekea saluni. Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha.

"Umekuja, kompadre," Rosauro akasema. "Nilidhani umehama nchi."

"Nimekuja na kitu."

"Kaa basi. Maji yamechemka sasa hivi."

Eladio akalaza daraja mezani. Mirta akaingia, glavu za rangi ya nywele mikononi, akaketi ukingoni mwa kiti. Kibuyu kikaenda kwa Mirta, kikaja kwa Eladio, kikaenda kwa Rosauro mwenyewe. Rosauro akatazama. Kibuyu kikamaliza safari. Akaanza kumimina mzunguko wa pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa picha ya mtu yeyote, na Eladio akasogeza kiti mbele. Kisha Rosauro akafuta mikono kwenye suruali. Picha akaiacha imelala.

"Watu elfu wameipenda hiyo," Eladio akasema.

"Nimesikia."

"Elfu, Rosauro. Wewe ni mmoja."

"Ni kweli. Mimi ni mmoja."

"Jamani, msianze," Mirta akasema. "Nina mtu kule ana dawa kichwani."

"Simwanzi mtu. Aniambie tu ina kasoro gani."

"Haina kasoro," Rosauro akasema. "Ila wewe hukuwepo."

"Sikuwepo vipi? Nilisimama pale darajani mpaka miguu ikafa ganzi."

"Miguu ilikuwepo."

Mirta akacheka. Hakukusudia, lakini alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo.

"Unajua mjini wanasemaje?" Eladio akasema. "Wanasema kinyozi hajawahi kukisifu kichwa ambacho hakukinyoa yeye."

 Rosauro akajaza kibuyu, akampa Eladio, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Eladio akanyonya mpaka kikalia, akakirudisha, akamtazama machoni, akasema, "Asante."

Kwetu anayekumiminia hashukuriwi kila akikupa. Unasema asante mara moja tu, pale usipotaka kingine. Na kulisema neno hilo namna ile, maji yakiwa bado yanatoa moshi na mwenyeji ameshika themosi, ni kumfungia mtu mlango usoni. Rosauro akakiweka kibuyu chini polepole.

"Ukiwa na neno na mimi," Eladio akasema akiwa tayari mlangoni, "liseme kule mtandaoni. Huko ndiko waliko watu."

Akatoka mvuani. Bahasha na vyote vilivyokuwemo aliviacha mezani.

Baridi ikaingia. Wakikutana uwanjani, mmoja alishika upande wa kanisa, mwingine upande wa benki. Eladio alimsubiri Rosauro aje kumwomba radhi. Ningeweza kumwambia atasubiri mpaka mawe yaote, lakini mimi huwa siulizwi. Kila asubuhi aliamka akagawa makopa, akapokea makopa. Daraja bado lilikuwa likipendwa. Jambo la ajabu ni kwamba kila kopa lilipoingia alilifurahia kwa muda wa kufumba na kufumbua, halafu akajikuta anafikiria meza ile na picha iliyolala.

Asubuhi ya Jumapili moja alikuwa jikoni, kidole kinashuka. Farasi, kopa. Mtoto wa mtu, kopa. Machweo, machweo, machweo, akayapa yote. Mara likapita jina la Rosauro Ifrán. Kidole kikasita. Rosauro hakuwa hata na simu. Chini ya jina palikuwa na kitu cha kijivu, jikoni fulani, meza, vikorokoro juu yake. Eladio akasikia raha, ile raha mbaya ya mtu anayemwona mwenziwe akisalimu amri. Hatimaye mzee kaja mwenyewe, akawaza, kaja kuomba makopa kama sisi sote. Akampa kopa. Kisha akaandika, na neno la heshima akaliweka kwa makusudi, kwa kuwa walikuwa hawaitani hivyo tangu ujana: "Mwanga mzuri, Don Rosauro. Salamu."

Akateremka kwenye picha iliyofuata. Sufuria la mtu limejaa mchuzi. Kopa.

Siku zikapita, na kopa la Rosauro halikurudi. "Hata kurudisha hajui," Eladio akamwambia binti yake kwenye simu.

Rosauro alifariki kabla baridi haijaisha. Moyo. Jirani yake ndiye aliyemkuta, ameketi kwenye kiti chake jikoni. Msibani Eladio alisimama nyuma karibu na makoti, kofia mkononi, akamsikia jirani huyo akiwahadithia wanawake. "Kila alasiri alikuwa akinunua biskuti za chumvi dukani kwangu. Nikamwambia, Don Rosauro, wewe meno huna, biskuti zote hizo za nani? Akasema anamngoja mgeni. Mgeni mwenyewe mimi sikumwona." Wanawake wakatikisa vichwa. Eladio akaiangalia kofia yake.

Baada ya maziko Mirta alimwita saluni. Hakukuwa na mteja. Alikuwa na bahasha ile ile ya Eladio, imechakaa pembeni.

"Hii ni yako," akasema. "Daraja lako limo. Na ile picha ambayo Rosauro aliniletea ndani ya bahasha hiihii nimpandishie mtandaoni nayo imo, nadhani ni ya kwako zaidi kuliko yangu."

"Alikuletea wewe?"

"Alikuja mwenyewe kwa miguu, amevaa bereti ya sherehe. Akasema, Eladio kaniambia nikiwa na neno niliseme huko kwenu, haya, nisemee. Nikaipiga kwa simu nikaipandisha. Sikuiangalia sana, Eladio, siwezi kukudanganya. Nilikuwa na watu wawili wananingoja."

"Akasemaje?"

"Kesho yake akarudi. Akaniuliza, kompadre kaiona? Nikamwambia kaiona, tena kakupa kopa, na kaandika, tazama hapa, mwanga mzuri. Akashika simu kama mtu aliyeshika yai. Akaniuliza, kabonyeza yeye mwenyewe? Nikasema ndiyo, mwenyewe." Mirta akavuta pumzi. "Akasema, siku niliyoipiga ilikuwa mvua, Mirta, jikoni kwangu hakukuwa na mwanga wowote. Akanirudishia simu, akaenda zake."

Eladio akaenda nayo nyumbani. Hakuifungua njiani. Alichemsha maji, akajaza themosi, akatia yerba kibuyuni, na ndipo akaitoa picha ya Rosauro akailaza mezani. Akamimina. Akanyonya. Akaangalia.

Ilikuwa meza ya Rosauro na kile kitambaa chake cha plastiki kilichoungua kona. Sahani ya biskuti. Kibuyu kimejazwa, mrija umeelekezwa kwa anayetazama, kama unavyompa mtu kibuyu. Upande wa huku kiti kimevutwa nje, tayari kwa anayeingia. Katikati, themosi. Na kwenye themosi imeegemea picha nyingine, imesimama wima, ndogo kama stempu.

Eladio akaenda kutafuta miwani.

Ilikuwa shuka. Shuka juu ya kamba, limejaa upepo kama tumbo la mja mzito, na chini yake miguu miwili ndani ya kandambili za kiume zinazoipwaya. Miguu ya Olinda, kandambili za Eladio. Aliipiga uani kwake mwenyewe, asubuhi moja ya kufua. Alipoinua kamera Olinda alisema, "Wewe, sijachana nywele," akajificha nyuma ya shuka huku akicheka, naye akabonyeza, kisha akailaumu picha miaka yote kwa sababu uso haukutokea. Ndiyo aliyoiweka katika bahasha ili daraja lisipinde.

Rosauro alikuwa ameisimamisha.

Akaimwaga bahasha mezani. Daraja likatoka, na nyuma yake Olinda, shuka na miguu. Eladio akamchukua, akamwegemeza kwenye themosi yake mwenyewe. Akakaa. Akamimina kibuyu cha pili akanyoosha mkono kumpa mtu, na mkono ukabaki hapo juu ya meza, mpaka maji yakapoa.

Huyo ndiye Eladio mnayemuulizia. Haumwi. Yupo jikoni. Daraja lake bado linapendwa kule mtandaoni, kila asubuhi simu inalia juu ya kabati na haendi kuitazama. Nimempelekea chakula mara kadhaa. Anakula kidogo, na hataki kuzungumza. Picha imesimama palepale.

Haya, nimesimulia, na mkono wangu umevimba. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma mpaka hapa. Ipo picha mtu alikutumia, ukambonyezea kitu ukapita. Itoe. Chemsha maji, iegemeze mahali isimame, uitazame mpaka kibuyu kilie. Halafu vaa viatu uende mlangoni kwake, leo, kabla hajaanza kununua biskuti. Na mimi usinitumie kopa. Ukirudi pita kwangu, ukae kitako, uniambie uliona nini.