Tai Moja Kila Furushi

Kwenye karakana ya kushona sare za shule, mkataji wa vitambaa walimbandika jina: Mama Fungua. Kisa? Akishafunga furushi la sare, roho haitulii mpaka alifungue tena, alimwage mezani, ahesabu upya.

"Wewe hata mumeo unamhesabu kila asubuhi!" alimtania mpiga pasi.

"Cheka tu. Furushi likirudishwa, halitakuwa langu."

Mkasi aliujua, lakini hesabu, weee! Chuo cha ufundi kilimtaka afundishe ushonaji, ila sharti awe na cheti, na mtihani wa hesabu ulikuwa umemwangusha mara mbili. Sasa mkuu wa chuo alimwambia wazi kwamba akianguka tena, nafasi anapewa mwingine.

Aliyemfundisha ni bintiye wa sekondari, mtoto asiye na subira hata ya kuazima.

"Mama, 12x² + 18x + 6. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika, ukitoe nje ya mabano."

Mama akaandika 6(2x² + 3x).

"Na ile sita ya mwisho?"

"Si nimeitoa nje yote? Kumebaki nini?"

"Imebaki moja! Sita ukigawa kwa sita ni moja! Jamani, mara ya ngapi hii?" Binti akashusha pumzi. "Haya. Una sketi kumi na mbili, mashati kumi na nane, tai sita. Funga mafurushi sita yanayolingana. Kila furushi lina nini?"

"Sketi mbili, mashati matatu, tai moja."

"Mbona hapo tai hukuisahau?"

Mama akachukua kalamu, akaongeza + 1 ndani ya mabano.

Siku ya mtihani likaja swali: 15a²b + 10ab + 5a. Akaandika 5a(3ab + 2b), akasonga mbele, tena kwa madaha. Msimamizi akatangaza zimebaki dakika tano. Wengine wakaweka kalamu chini, yeye mkono ukamwasha. Ameshafunga, hajafungua! Akarudi kwenye mabano, akazidisha kimoja kimoja. 15a²b ipo. 10ab ipo. 5a je?

"Tai iko wapi?" ikamtoka kwa sauti. Msimamizi akamkazia macho. Akaongeza + 1 haraka haraka.

Majibu yalipotoka, binti alikuja mbio karakanani, simu mkononi.

"Mama, umefaulu! Kwa alama moja tu, lakini umefaulu!"

Akakaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Hofu ya miaka mitatu ikamtoka kwa machozi, wala hakuyafuta.

"Soma tena," alisema.

Binti akasoma tena. Mama akanyoosha kidole: mara nyingine.

"Msomee, mwanangu," alisema mpiga pasi. "Leo msomee mpaka achoke mwenyewe."