Jina la Baba Kwenye Barua

Sitamtaja mtu yeyote hapa kwa jina, na nchi yetu pia sitaitaja. Si maringo. Niliwahi kuandika majina ya watu, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, na nimejuta.

Mimi ni mfuaji nguo. Siku nne kwa wiki naenda Kileleshwa, Nairobi, kwenye fleti za watu wenye mashine za kufulia ambazo wao wenyewe hawaziamini, nafua kwa mkono, napiga pasi, kisha narudi Waithaka nilikopanga chumba. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu ualimu ndio ulionipa cheo.

Sisi tuliotoka nchi moja tulikuwa tukisali kwenye kanisa la mabati Jumapili alasiri, wenyeji wakishamaliza ibada yao. Jumapili moja baada ya sala tukaunda kamati, na watu wote wakanigeukia: mwalimu ndiye katibu. Nilikataa kidogo, kama inavyopasa, halafu nikakubali kabla hawajabadili mawazo. Nilifurahi kupita kiasi. Ukiitwa "mama wa nguo" wiki nzima, halafu Jumapili watu wazima wakuite katibu, akili inalewa.

Ombi letu halikuwa la kuangusha serikali ya mtu. Kulikuwa na uchaguzi unakuja nyumbani, na tulitaka tulio huku nje tuandikishwe kwenye ubalozi wetu hapa Nairobi ili nasi tupige kura. Hilo tu. Tukakubaliana kuandika barua yenye sahihi za watu wengi iwezekanavyo, na kazi ya kuwatafuta hao watu ikawa yangu.

Nilizunguka miezi mitatu. Nilikaa kwenye saluni za kusuka nywele, nikabisha milango ya vyumba vya kupanga kwenye ploti, nikasimama nje ya kanisa na kalamu yangu. Watu wetu ni waoga, na sina haki ya kuwacheka, lakini niliwacheka. Mmoja aliniambia mkono unamuuma. Mwingine alisema atasaini kesho, akahama nyumba.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa fundi wa viatu. Kibanda chake kilikuwa Dagoretti, karibu na machinjio, na kazi yake kubwa ilikuwa kuziba gambuti, viatu virefu vya mpira vya wachinjaji, kwa vipande vya tyubu ya gari. Kote kulinuka damu na gundi. Alikuwa mtu mzima, mpole, na kila mmoja wetu alimwonea wivu kwa jambo moja: baba yake alikuwa bado hai kijijini, tena mwenye nguvu, na walizungumza kwa simu kila Jumamosi.

"Mwalimu, mimi na siasa mbalimbali," aliniambia. "Nina mzee kule."

Nilikwenda mara ya pili, akanipa kigoda na chai, hakusaini. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka na hasira zimenijaa, nikamwambia, "Mzee wako siku akikuuliza ulifanya nini Nairobi, utamwambia uliziba gambuti?"

Alicheka. Kisha akaifuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu. Wakati ule nilijiona hodari sana.

Sasa nieleze kilichotuponza, maana mtu wa nje hawezi kukikisia. Kwetu, mtu akisimama kusema mbele ya watu, kwanza anajitambulisha: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Asipomtaja baba na kijiji, watu wanatazamana, wanadhani amejificha au ametumwa. Tulifanya hivyo katika kila kikao. Kwa hiyo nilipochora karatasi ya sahihi sikujiuliza hata kidogo. Niliweka nafasi ya jina, ya baba, ya kijiji, na ya sahihi. Watu thelathini na mmoja walijaza, na hakuna hata mmoja aliyesita pale kwenye baba. Walisita kwenye sahihi.

Mama mwenye nyumba wangu, Mkikuyu aliyezaliwa palepale Waithaka, alikuja kuniambia habari za maji akaiona karatasi mezani.

"Na wewe mama, namba ya simu mmeweka wapi?" akauliza. "Hawa watu mtu akiwataka atawapata aje?"

Nikamcheka. Nikamwambia sisi hatutafutwi kwa simu, tunatafutwa kwa baba zetu. Nakumbuka nilivyojivuna nikisema hivyo.

Mimi mwenyewe nilisaini chini kabisa, peke yangu, neno moja: Katibu. Sikuweka jina, sikuweka baba, sikuweka kijiji. Barua za ofisi ndivyo zinavyosainiwa, nilijiambia, na kweli ndivyo nilivyofundishwa. Lakini mama yangu yuko hai kule kijijini, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba sikumfikiria niliposhika kalamu.

Mwenyekiti na wazee wawili ndio walioipeleka barua mjini, kwenye jengo refu ambamo ubalozi ulikodi vyumba. Waliikabidhi kwenye dirisha la mapokezi, nakala yetu ikagongwa muhuri. Jumapili iliyofuata nakala ile ilipitishwa mkono kwa mkono kanisani. Watu waligusa ule muhuri kwa kidole. Wengine walilia, na mimi nililia pamoja nao, kwa furaha.

Baada ya wiki tatu fundi alikuja mlangoni kwangu, Jumamosi mchana. Alikuwa bado na aproni, na mkononi alishika gambuti moja ya mteja, nadhani hakujua kuwa amekuja nayo.

"Wamemchukua mzee," akasema.

Alikuwa amepiga simu yake ya kila Jumamosi, ikapokewa na jirani. Wanaume wawili walikuwa wamefika nyumbani kwao na karatasi. Walisoma jina la mzee, wakasoma la kijiji, wakamuuliza kama huyu aliye Nairobi ni mwanawe. Jirani alisema mzee alifurahi. Alidhani wameleta salamu. Akasema ndiyo, ni mwanangu, kaeni niwape cha kunywa. Wakamwingiza garini hata viti havijatolewa nje.

Nilimwambia akae, hakukaa. Alitazama kuta za chumba changu, kisha akaondoka na gambuti yake.

Ilinichukua siku mbili kuelewa kwa nini ni yeye tu. Nilitoa nakala nikaipitia mstari kwa mstari. Wenzetu wengine wote walikuwa wameandika majina ya marehemu, au baba zao walishakimbilia nchi nyingine zamani. Karatasi nzima ya majina thelathini na moja ilikuwa na mzee mmoja wa kushikika. Na ni mimi niliyekwenda mara tatu.

Kamati ilikufa bila kuvunjwa. Mwenyekiti akahama. Kanisani watu wakaanza kukaa mbali na benchi langu, na mama mmoja alinisalimia huku akiangalia pembeni. Niliwakasirikia, halafu nikaona sina hata la kukasirikia.

Siku chache baadaye fundi alirudi. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliniomba nimwandikie barua nyingine, ya kukana sahihi yake na kuomba msamaha, ili mzee aachiliwe. Nikaandika. Mimi fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani, nilidanganywa. Niliiandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, ili mwandiko usifanane na ule wa kwanza. Aliona.

Tulikwenda pamoja mjini siku ya Jumanne. Pale chini askari wa jengo alitusukumia daftari la wageni.

"Mathe, andika hapo jina na ID. Mnaenda floor gani?" Nilipompa kitambulisho cha mkimbizi alikigeuza mara mbili. "Hii sijui niandike wapi. Pitieni tu, but msikae sana."

Juu, sisi hatukuishia dirishani kama mwenyekiti na wazee. Tuliingizwa kwenye chumba chenye zulia, mbele ya afisa mmoja mwenye sauti ya upole. Aliuliza mimi ni nani. Fundi akajibu haraka, "Ni dada yangu, amenisindikiza."

Afisa alisoma barua yote, akaikunja.

"Umefanya vizuri kuja," akamwambia. "Mzee wako ni mtu mzima, hata sisi hatupendi akae kule. Nipe kitu kimoja tu. Huyu aliyesaini Katibu ni nani? Jina lake, la baba yake na kijiji. Ukinipa, mzee atalala kwake wiki hii."

Fundi alikuwa ameshika kofia yake magotini. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Nilingoja anitaje. Naapa sehemu yangu moja ilitaka anitaje, ili yaishe. Sehemu nyingine ilikuwa inamwona mama yangu akiwatolea wageni viti.

"Simjui," akasema. "Vikaoni nilikuwa nakaa nyuma."

Afisa akanigeukia mimi, bila haraka.

"Na wewe, mama? Unamjua?"

Nikasema simjui. Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, iliyonyooka, hata haikutetemeka.

Tulishuka ngazi. Kwenye kona ya barabara, watu wakitupita na mizigo yao, nilimshika mkono nikataka kumwambia nisamehe. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Mwalimu, wewe una mama," akasema, akavuka barabara.

Ninaye. Tunaongea kila Jumamosi. Mzee wake hakurudi.