Jina Lililotangazwa Mitunguu

Kwa miaka ishirini na mmoja Naftaly Riungu aliandika majina kwa brashi mjini Meru. Mabucha, vinyozi, maduka ya mbegu, hoteli za chai kando ya soko la Gakoromone: popote ulipoinua macho, mkono ulioandika ulikuwa wake. Lakini watu hawakumwendea kwa sababu ya mkono. Walimwendea kwa sababu alijua jina lipi lingeleta wateja. Alikuwa akimwomba mpita njia alisome mara moja, akamwacha afike kona ya mtaa, kisha akamwita: "Umesoma nini?" Aliyesahau alikuwa ameliua jina lile.

Mwaka wa 1998 Kasim, mwenye duka la fotokopi, alinunua kompyuta akaiunganisha na Nairobi kwa waya wa simu. Ndiye aliyemweleza Naftaly habari za tovuti.

"Huku, fundi, jina ni kama ploti," alisema. "Duniani kote ni moja tu. Aliyetangulia kuliandikisha ndiye mwenyewe."

"Na wa pili?"

"Wa pili akatafute kichaka kingine."

Naftaly alicheka, ila jambo lile halikumtoka. Bucha mbili, moja Meru na moja Embu, zilikuwa na jina moja, zote kaziandika yeye, na hakuna aliyegombana.

Mapema mwaka uliofuata akina mama wa Mitunguu walikuja kumwona Naftaly dukani kwa Kasim. Walilima ndizi kwa maji ya mifereji, na kila wiki malori yalizibeba hadi Nairobi, zikauzwa huko kwa jina la watu wengine. Sasa mnunuzi mmoja wa ng'ambo alikuwa amewaandikia kwamba angependa kuwaona kwenye tovuti yao wenyewe. Mwenyekiti wao, Veronicah, aliyeitwa pia Mama Muriuki, mjane asiyependa maneno mengi, aliweka karatasi mezani. Ilikuwa imeandikwa: Mitunguu Upendo na Maendeleo Women Group.

"Mama Muriuki, hii ni anwani au ni hotuba ya chifu?" aliuliza Naftaly.

"Ndio sisi hao."

"Mtu wa mbali hawajui ninyi. Anajua ndizi, na labda amewahi kusikia Meru." Naftaly alichukua chaki akaandika ukutani: merubanana. "Hili mtu atalijaribu hata kabla hajaambiwa. Iko siku litakuwa na thamani ya shamba."

Veronicah alilisoma mara mbili bila sauti. Kasim akalitafuta saa hiyo hiyo. Halikuwa na mwenyewe.

"Tulichukue sasa," alisema Kasim, vidole tayari vikiwa juu ya herufi.

Naftaly ndiye aliyesema wangoje. Hakuwahi kuandika jina la duka kabla mwenye duka hajalitamka mbele ya majirani, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Kwao hata mtoto hakuandikishwa kabla jamaa za pande zote mbili hawajasikia ataitwa nani. Jina lisilosikiwa na watu, kwake, lilikuwa kama kitu cha wizi.

Kasim alibisha. Veronicah alimgeukia fundi. "Wewe ndiye unayejua majina," alisema.

Basi likatangazwa kanisani Mitunguu Jumapili mbili mfululizo, na mchungaji akaliombea. Madalali wa ndizi walikuwepo, na wageni wa Nairobi pia. Walipiga makofi pamoja na wengine.

Jumatatu Kasim aliketi kulijazia fomu. Alisoma yaliyotokea kwenye kioo, akayarudia, kisha akamgeuzia Naftaly kioo.

"Limeshachukuliwa. Siku sita zilizopita. Sanduku la posta la Nairobi."

"Nani?"

"Aliyekuwa kanisani, au aliyeambiwa na aliyekuwa kanisani. Nitajuaje, fundi?"

Naftaly alishuka Mitunguu mwenyewe. Alimkuta Veronicah shambani, akikata majani makavu ya migomba, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kuna mahali pa kushtaki?"

"Hakuna. Aliyetangulia ndiye mwenyewe."

"Na hilo ulilijua?"

"Nililijua. Kasim aliniambia mwaka jana."

Panga liliendelea. Naftaly alitamani atukanwe.

"Nitawachagulia jingine, Mama Muriuki. Ninayo matatu kichwani."

"Kaa nayo tu, fundi. Hili tutalitafuta wenyewe."

Alhamisi Veronicah aliingia kwa Kasim peke yake, na karatasi iliyokunjwa mkononi. Naftaly alikuwa ameketi pale. Veronicah alimwamkia kwa heshima, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akabaki amesimama, karatasi haikunjuliwi. Ilimchukua Naftaly muda kuelewa. Alichukua kofia yake, akatoka barazani.

Mlango ulifungwa nyuma yake. Akasikia sauti ya Kasim, "Halina mtu," na ya Veronicah, "Basi sasa hivi." Muuza viazi wa ng'ambo ya barabara alimpungia mkono, naye akampungia.

Veronicah alipotoka, karatasi ilikuwa imefichwa kifuani.

"Tumeandikisha," alisema.

"Mungu na alibariki."

"Amina."

Hakumwambia ni jina gani, naye hakuuliza.