Verni ya Jumamosi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kila ninaponusa verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, na leo nitakusimulia hata kama mama yako atanikasirikia. Jana nilipita kwenye karakana yako hapa Nyakasanza, nikakuta mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, na wewe uko ndani unapaka vitanda. Nilibisha mpaka mkono ukauma. Ulipofungua ukasema, “Usiogope, mama mukubwa, ni siku moja tu ku juma.” Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa.

Mimi na mdogo wangu Lotsove, mama yako, tulifika Bunia tukiwa wasichana, tukikimbia vita kule Djugu. Seremala mmoja alitupa kazi ya kupiga msasa na kupaka verni. Unajua vumbi la mji huu wakati wa kiangazi: pikipiki moja ikipita, kabati lililong'aa linakuwa jekundu. Kwa hiyo tulifunga kila kitu. Mwanzoni tulipaka kidogo kila siku, na kila siku kichwa kiliuma kidogo. Mimi niliyejiona nina akili kuliko mafundi wote nikapata wazo: hii diluant, dawa ya kuyeyushia verni, tuivute siku moja tu. Kazi yote ya wiki tuirundike Jumamosi, halafu mwili upumzike siku zinazobaki. Tukimaliza tunywe maziwa, kama wapaka rangi wengi wanavyofanya, yasafishe kifua.

Mama yako hakutaka. Alisema harufu ya kazi ya wiki nzima kwa siku moja inamtisha. Nilimwambia aache uvivu. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Jumamosi hiyo tulikuwa na vitanda na makabati ya harusi mbili. Kabla ya mchana mama yako alianza kucheka ovyo. Baadaye akasema hasikii miguu yake. “Vumilia,” nikamjibu, “imebakia kabati moja tu.” Nikasikia brashi inaanguka, kisha yeye. Nilijaribu kumvuta, mikono ikakataa. Aliyevunja mlango ni Mzee Ukumu, muuza mbao aliyekuwa ameleta mzigo wetu, mtu wa Mahagi aliyetumia ujana wake katika kiwanda cha rangi. Alituburuta nje wote wawili.

Kwenye kituo cha afya, mama yako akiwa amelala bila kufungua macho, nilimweleza mzee mpango wangu. Nikalia nikisema hatukuvuta zaidi kuliko zamani, kiasi ni kile kile. Alinikemea mbele ya wagonjwa wote.

“Weye unazani ile iko akili? Chupa moja ya lotoko, ile pombe kali, kunywa kidogo kidogo siku sita, utaenda ku shamba. Kunywa yote asubui moja, watakubeba. Chupa si ile ile? Mwili inafukuza sumu polepole. Ukileta yote mara moja, inashindwa. Na ile ya kila siku, usizani iko chakula, nayo inakula mutu. Na maziwa? Maziwa inaenda mu tumbo, ile harufu inaenda mu mapafu na mu kichwa. Itakutana nayo wapi?”

Mama yako aliamka kesho yake, lakini hakuamka mzima. Unamjua: anafika sokoni, anasimama katikati ya watu, anarudi nyumbani kuuliza alitumwa nini. Mmekua mkiambiwa ni vita ndivyo vilivyomfanya hivyo. Nimewaacha mseme hivyo miaka yote hii kwa sababu ya aibu. Si vita, mwanangu. Ni mimi.

Basi sikiliza, na leo sikuombi, nakuagiza. Usihesabu makopo ya diluant tu. Angalia hewa unayovuta ina sumu nyingi kiasi gani, umekaa ndani yake muda gani bila kutoka, na umepumua hewa safi muda gani kabla ya kurudi. Paka uani, chini ya turubai, vitanda viwili leo na viwili siku nyingine. Vumbi likishika, piga msasa upya. Mbao hazina kinyongo. Usisogeze makabati mazito kwenye harufu, maana ukihema sana unavuta sana. Kitambaa puani hakizuii kitu. Kichwa kikiwa chepesi, au kicheko kikikujia bila sababu, toka hapo hapo, na usimalizie hata ubao mmoja. Maziwa yanywe kwa sababu ni matamu.

Mteja akilalamika kwamba umechelewa, mlete kwangu. Na kesho asubuhi nitakuja kung'oa huo mlango kwa mikono yangu. Ukitaka kunigombeza, tutagombana nje.

Mungu akupe kazi nyingi na hewa ya kutosha. Akufikishe umri wangu, na siku wajukuu wako watakapojaa nyumbani kwako, kila mmoja umwite kwa jina lake.