Mkalimani Asiyeruka Neno

Ukija kanisani kwetu Keringet utamsikia mama mmoja, Cheptanui, kabla hujamwona. Mhubiri mgeni akisema jambo kwa Kiswahili, yeye yuko ubavuni mwake na sweta yake ya kijani, analitoa kwa Kipsigis kwa sauti ileile. Mhubiri akinguruma, naye ananguruma. Akiruka, Cheptanui anaruka, na ana goti bovu. Wamama wazee wakisimama kutoa ushuhuda kwa Kipsigis, anaugeuza uwe Kiswahili kwa ajili yetu sisi wa kuja.

Mimi ni wa kuja. Naitwa Tabby, nilizaliwa Ndabibi, na hapa nauza mitumba. Kipsigis changu ni cha sokoni: naweza kuuza blauzi nacho, siwezi kulia nacho. Kwa hivyo Cheptanui namhitaji kuliko wenyeji wanavyomhitaji, na sina haya kumsifu.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya wanaume. Mzee Kosgei aliifanya mpaka meno yakamwisha na maneno yakaanza kutoka na upepo. Jumapili ya kwanza ya Cheptanui, mhubiri kutoka Nakuru alianza hivi: "Mimi kama mume, nikifika nyumbani nimkute mke wangu amenuna..." Cheptanui akasema vilevile, kwamba yeye kama mume amemkuta mke wake amenuna. Kanisa zima lilishika mbavu. Yeye hakutabasamu hata kidogo, alingoja kelele ziishe akaendelea na mke wake.

Baada ya ibada wazee walimwita pembeni.

"Cheptanui, si useme tu 'mhubiri anasema'? Wewe ni mama. Utakuwaje na bibi?"

"Nikisema 'anasema', nitakuwa nimesimama kando namwangalia kama nyinyi," akawajibu. "Na Mzee Kosgei hapa ametafsiria wamama ushuhuda miaka yote. Amesema 'nilipojifungua' mbele ya kanisa mara ngapi? Nani alicheka?"

Mzee Kosgei aliinama akaangalia kofia yake. Na kweli hatukuwahi kucheka. Mwanamume akisema 'nilipojifungua' tulisikia mkalimani, mwanamke akisema 'mke wangu' tukasikia kichekesho. Basi ikabidi tumzoee, na tukamzoea.

Shida ilikuja na mhubiri mwingine, mmoja mwenye suti inayong'aa, aliyetumia asubuhi nzima kueleza kwamba nyumba zote zinazovunjika huvunjwa na mdomo wa mwanamke. Nilimtazama Cheptanui nikitumaini angalau atapunguza makali. Wapi! Alinguruma pale pale mhubiri aliponguruma, na kidole akatuelekezea sisi. Niliudhika sana siku hiyo. Nilimwona msaliti, nitasema nini kingine?

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, jirani yake Jepkorir alimkabili. Walikuwa marafiki wa kuombana chumvi.

"Ile maneno si ungeruka? Nani angejua?"

"Nikiruka la mhubiri leo," Cheptanui akasema, "kesho nitaruka lako."

Jepkorir alibeba mtungi wake akaondoka, na kwa mwaka mzima hakumsalimu. Wamama wengi walimuunga mkono Jepkorir, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Kisha mume wa Jepkorir, Kipkemei, akaugua na kufa. Aliacha mjane, mabinti wawili, na shamba zuri la viazi linaloteremka mpaka mtoni. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Kiplimo, mdogo wa marehemu, akaanza kusema kwamba boma lisilo na mwanamume si boma. Huyo Kiplimo ana bucha ya nyama choma huko Kikopey, na Kiswahili cha kuvutia wateja wa barabarani, kinateleza vizuri. Alitaka shamba, na akamleta bwana wa ardhi wa serikali aitwaye Mathenge, asiyejua Kipsigis, pamoja na mpimaji, mpaka uani kwa Jepkorir. Mathenge alieleza wazi: mjane akikubali mwenyewe kumwachia shemeji yake shamba, litapimwa siku hiyohiyo. Asipokubali, hakuna kupima.

Majirani tulikuwa tumejaa uani. Jepkorir anajua Kiswahili cha kununua sukari, lakini jambo zito hulisema kwa lugha ya mama yake. Alisimama akaongea. Aliongea kwa muda wa kuchemsha chai na kuimimina, akionyesha shamba, akionyesha kaburi, akijipiga kifua. Alipoketi, Kiplimo akamgeukia Mathenge kwa upole mwingi.

"Boss, anasema anashukuru. Amechoka, anataka kurudi kwao akapumzike. Mambo ya shamba ametuachia sisi wanaume."

Nilijua ni uongo, na sikuhitaji Kipsigis kujua. Sufuria nzima imewekwa mezani, halafu mtu anakupa kijiko kimoja na kukuambia ndiyo hiyo yote! Wazee walioelewa walitazama chini, kwa sababu ndugu wa marehemu hakatizwi mbele ya wageni. Mathenge alikuwa tayari anamtazama mpimaji wake. Nikaona mama wa watu anafukuzwa kwake kwa maneno ambayo hakuyasema.

Cheptanui alikuwa jikoni akigawa chai, maana msiba haungoji watu wapatane. Alitoka, akaweka birika chini.

"Hajasema hivyo," akamwambia Mathenge. "Mimi ndiye mkalimani wa kanisa. Aseme tena, nitafsiri."

"Haiwezekani!" Kiplimo akaruka. "Huyu ni mwanamke kama yeye. Atampendelea, lazima."

Mathenge akasita. Hapo ndipo Mzee Kosgei aliposimama, kofia mkononi.

"Kijana," akamwambia Kiplimo, "huyu mama alitafsiri mahubiri ya kuwatukana wanawake, yeye mwenyewe akiwemo, na hakupunguza hata kikohozi. Marafiki zake wakamhama. Kama hakujipendelea siku hiyo, hawezi kumpendelea mtu leo. Wewe ulipomtafsiria shemeji yako sasa hivi, ulikuwa unapendelea nani?"

Wazee wakaguna, mmoja baada ya mwingine. Akiba haiozi, na Cheptanui alikuwa ameweka yake tukimwona mjinga.

Jepkorir akasimama tena. Cheptanui akajiweka ubavuni mwake kama anavyosimama na wahubiri, na wakaanza.

"Mimi nililetwa hapa nikiwa msichana, na hapa palikuwa msitu," Cheptanui alisema, na sauti ilikuwa ya Jepkorir kabisa, na kutetemeka kwake. "Kipkemei alikata miti, mimi nikang'oa visiki. Huyu Kiplimo alikuwa mtoto, nilimwosha miguu. Wanangu wamezaliwa hapa. Mume wangu amelala pale."

Jepkorir akaongeza jambo kwa ukali, akimkazia macho mkalimani wake. Wanaojua Kipsigis wakashtuka. Cheptanui hakusita.

"Na huyu Cheptanui anayenitafsiria nilimnunia mwaka mzima, kwa sababu ana kichwa kigumu kama cha punda, na bado nimemkasirikia."

Mathenge alicheka mpaka akavua miwani. Nadhani hapo ndipo alipoamini kila kitu. Mtu anayejitangaza punda mbele ya watu hawezi kuwa anakuibia maneno.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kiplimo ilikuwa imefika ukingoni, lakini alijaribu mara ya mwisho.

"Sijasikia kama amekataa. Hizo ni hadithi za zamani tu."

Cheptanui akamgeuzia Jepkorir maneno hayo, bila kuacha hata moja. Jepkorir akajibu kwa ufupi.

"Siendi popote," Cheptanui akasema.

Kiplimo alisogea mpaka karibu na uso wake. "Nani haendi? Ni wewe ama ni yeye?"

Cheptanui alimtafsiria Jepkorir swali hilo pia, kama kazi yake inavyomtaka. Jepkorir akamshika mkono rafiki yake, akajibu neno moja. Cheptanui akamgeukia Kiplimo, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza sikujua yalikuwa ya nani.

"Mimi," akasema.

Mathenge akamwambia mpimaji arudishe vyombo garini.