Wasomaji wa Tanzia Waliopotelea Mlangoni

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Ofisi bado inanuka dawa ya kusugulia sakafu, na mwanamke mmoja ameshavaa miwani yake mbele ya kompyuta, daftari wazi mapajani. Anatazama tarakimu, anajikuna kichwa, anazitazama tena.

"Hapa pana mchezo," anasema peke yake. "Watu hawayeyuki."

Wenzake wanamwita Bi Takwimu. Kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kuhesabu wasomaji wa tovuti moja kubwa iliyobeba kila kitu: habari za siasa na michezo, nafasi za kazi na tanzia. Mwezi uliopita wenye tovuti waliachana, wakaigawa mafungu, kila fungu na anwani yake mpya. Ofisi yake ilibaki na habari na tanzia.

Kabla ya hapo, tanzia zilisomwa na watu elfu tatu na mia mbili kwa siku. Sasa ni mia moja na arobaini. Ukurasa wa mbele wa habari, kwa upande wake, umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Mhariri mkuu anachekelea tu. Anapita na kikombe chake mkononi.

"Si tumepanda, Bi Takwimu! Hao wa tanzia waache wapumzike. Ijumaa tunaufunga ukurasa wao."

"Tumepanda, bosi, lakini mtu anakaa sekunde nne anaondoka. Nani anasoma habari kwa sekunde nne?"

"Mwenye haraka."

Bi Takwimu hakucheka. Tanzia ya baba yake imo humo, picha yake akiwa na koti la kijivu, na chini yake rambirambi mia mbili na sita ambazo hazikuandikwa kwingine popote. Ukurasa ukifungwa, zote zinafutwa.

"Kichwa kilinizunguka siku tatu," anaeleza. "Nikasema labda watu wamechoka kuomboleza. Nikasema mashine mbovu. Mpaka mlinzi nilimuuliza. Akaniambia, dada, pengine siku hizi watu hawafi sana."

Jumatano simu yake iliita. Alikuwa mama yake, mjane wa miaka sabini na mbili, ambaye kila asubuhi hufungua ile tanzia kwa kubonyeza alama aliyowekewa na mjukuu kwenye simu.

"Mwanangu, baba yenu mmempeleka wapi?"

"Yupo palepale, Mama."

"Hayupo! Nikibonyeza naletewa mpira. Nafunga, nabonyeza tena, mpira tena. Leo nimeletewa waziri."

"Kwani unabonyeza mara ngapi?"

"Mpaka chai inapoa."

Bi Takwimu aliweka kalamu chini. Sekunde nne.

Alimfuata fundi wa mitambo chumbani kwake. Fundi alikiri kwamba siku ya mgawanyo anwani zote za zamani, bila kubagua, alizielekeza kwenye ukurasa wa mbele wa habari.

"Niliona afadhali wafike mahali kuliko wasifike popote, dada'angu."

"Umewapeleka wafiwa uwanja wa mpira!"

Alhamisi kutwa fundi alirekebisha, kila anwani ya zamani ikapata ukurasa wake. Hadi jioni tanzia zilikuwa zimesomwa na watu elfu moja na mia tisa. Mhariri mkuu aliangalia, akaguna, akatoa miezi mitatu ya kuangalia mwenendo.

Lakini elfu moja na mia tatu bado hawajarudi, na Bi Takwimu hajui walipo.

"Hao ndio wananivuruga akili," anasema akivua miwani. "Walibonyeza wiki nzima, wiki mbili, wakaletewa mpira. Nahofia wamedhani tumewafuta watu wao, wakakata tamaa. Sasa mtu aliyekata tamaa nitamwonea wapi? Hayumo kwenye hesabu."

Anataka tangazo liwekwe juu kabisa ya ukurasa wa habari, kwa herufi kubwa, kuwaelekeza waliopotea. Mhariri mkuu anasema litatia watu simanzi asubuhi asubuhi. Jumatatu atamwomba tena, na Jumanne pia.

Anarudi kwenye kompyuta, anafungua takwimu za ukurasa mmoja tu, wa mwenye koti la kijivu. Msomaji mmoja, aliyeingia saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Mama huyo," anasema. "Leo amekaa dakika kumi na moja."